Hesabu ya Wawili Wawili

Kila mwaka shule zilipokaribia kufunga, Mama Kalenda alifuta meza ndefu ya ukumbi kwa kitambaa kibichi, akasubiri ikauke, kisha akatandaza juu yake karatasi kubwa aliyoipiga mistari kwa rula. Karatasi ile ndiyo ilikuwa mwaka mzima ujao. Jina lake halisi wengi hawakulijua, na mwenyewe alishazoea kuitika hilo la kupewa. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtoto aliyepita katika mpango ule wa kuwatunza watoto baada ya masomo bila kalenda aliyoiandika Mama huyu kubandikwa ukutani kwao, juu ya jiko au nyuma ya mlango.

Kazi hiyo ina adabu yake. Kwanza zinaandikwa siku za kufungua na kufunga shule. Halafu mitihani, maana mtoto mwenye mtihani kesho hachezeshwi leo. Halafu inatengwa miezi ya mvua, ambayo uwanja wake ni tope tupu. Ndipo zinakuja rangi: bluu kwa michezo, njano kwa masomo ya ziada, kijani kwa safari, nyekundu kwa siku ambazo mlango utafungwa. Nyekundu aliihakiki mara tatu, kwa sababu mtoto akifika akakuta kufuli, keshapotea nusu. Wazazi walimwamini. Mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hana nafasi ya kuulizauliza. Anatazama karatasi, anamwachia mtu mwingine mtoto wake, anashika njia.

Mwaka huu mkono ulimgomea. Bluu ilikwisha, njano ikakwisha, nyekundu ikahakikiwa. Kalamu ya kijani ilibaki imelala mezani siku tatu, na kila alipoinyooshea mkono vidole vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua alfajiri.

Nyumbani mumewe, fundi seremala mwenye maneno ya kuchokoza, aliona chakula kinarudi jikoni kama kilivyotoka. Alimwambia mwaka una siku mia tatu na ushee, iweje yeye akabwe koo na siku moja. Mama Kalenda alicheka kidogo ili aachwe. Seremala alikuwa amelenga pale pale pasipo kujua, kwa kuwa siku iliyomkaba ilikuwa moja kweli, na ilikuwa siku ya bwawa.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya muhula wa pili, miezi mitano nyuma. Watoto thelathini na mmoja walipelekwa kwenye bwawa la kuogelea lililo upande wa pili wa mji, na kiongozi wa safari alikuwa yeye. Watoto wa mpango huhesabiwa kwa utaratibu alioubuni mwenyewe, nao uliitwa wawili wawili. Kila mtoto ana mwenzake, na kila jozi ina namba. Kipenga kikilia, jozi zinashikana mikono, zinainua juu, kisha zinaita namba zao kwa zamu, moja hadi ya mwisho. Mwenzako asipokuwepo huna mkono wa kuinua, na namba yako inakatika. Ni utaratibu mwepesi, watoto wanaupenda kama mchezo, na Mkuu wa mpango, mzee mmoja mwalimu mstaafu, aliwahi kuusifu mbele ya wazazi wote.

Watoto wakiwa witiri, idadi isiyogawanyika kwa mbili, mmoja hubaki bila jozi. Huyo hushika mkono wa mwalimu na haiti namba yoyote, maana mwalimu mwenyewe ndiye mwenzake.

Siku ile aliyebaki alikuwa Kasuku, kitinda mimba wa mama mmoja fundi cherehani. Miaka minane, meno mawili ya mbele hayajaota, na mdomo usiojua kupumzika; ndiyo maana wenzake wakamwita hivyo. Alimshika mwalimu mkono, akaanza kumsimulia habari za paka wao. Mara mtoto mmoja akajikata kidole cha mguu kwenye kigae kilichovunjika, akapiga ukelele, damu ikatiririka kwenye maji ya ukingoni. Mwokoaji wa bwawa akakimbilia ofisini kutafuta bandeji. Mama Kalenda akauachia mkono wa Kasuku, akainama kumfunga mtoto kwa leso yake. Ilichukua muda gani? Hata leo hajui. Alipoinuka alipiga kipenga, jozi zikashikana, namba zikaitwa moja hadi kumi na tano bila kukatika, na yeye akasema kwa sauti, akiwa ametulia kabisa, "Wote wapo."

Kisha mzee mmoja aliyekuwa akiondoa majani kwa wavu upande wa kina kirefu akamwita. Hakupaza sauti. Alimuuliza, "Dada, na huyu aliyening'inia huku kwenye ngazi ni wa nani?"

Watu hudhani mtoto anayezama hupiga kelele. Hapigi. Kasuku alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa vidole vinne, kidevu ndani ya maji, midomo ya samawati, macho yakiwatazama. Mama Kalenda hakumbuki alivyofika. Anakumbuka uzito wa yule mtoto alipomvuta, na maji yaliyomtoka puani, na jinsi alivyokohoa muda mrefu ndani ya taulo.

Mpaka hapo lilikuwa kosa, na kosa mtu hulifanya. Lililofuata halikuwa kosa. Alitazama huku na huku, akaona watoto wengine wanarushiana mpira, mwokoaji hajarudi, mzee wa wavu ameshageuka kuendelea na majani yake. Akapiga magoti, akamfuta mtoto uso, akamwambia polepole, "Mama asijue, mwanangu. Itakuwa siri yetu mimi na wewe." Mtoto akaitikia kwa kichwa. Jioni katika daftari la safari aliandika: safari njema, wote wamerudi salama.

Mtu mzima anayemkabidhi mtoto uongo wake aubebe, amemtwisha mzigo ambao yeye mwenyewe umemshinda. Mama Kalenda alilijua hilo. Alikuwa akiwakanya wengine kwa maneno makali kuliko hayo.

Tangu siku ile Kasuku alipungua maneno. Alikaa karibu na mlango. Wenzake wakipanga foleni, alishika nguo ya aliye mbele yake na hakuachia hata alipogombezwa. Fundi cherehani alipokuja kumchukua siku moja alisimama kwenye uzio na kusema kwamba binti yake siku hizi hataki kumwagiwa maji kichwani, akioga ni kilio nyumba nzima inasikia. Akauliza kama hapo ukumbini kuna lililotokea. Mama Kalenda akajibu ni umri tu, litapita. Fundi akamshukuru. Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Basi hofu ikahamia kwake na mizigo yake yote. Mlango ukibishwa, anakimbilia kuufungua yeye kabla ya mwingine. Akimwona Kasuku ananong'ona na mtoto mwenzake, anasogea kusikiliza, kisha anajidharau. Aliogopa kujulikana, na chini ya woga huo kulikuwa na mwingine mkubwa zaidi aliokataa kuutazama: kwamba ule utaratibu ulikuwa na tundu, na mwenye kulijua tundu hilo duniani ni yeye peke yake.

Mwoga akipewa karatasi hutafuta pa kujificha hata humo. Siku ya nne Mama Kalenda alishika kalamu ya kijani, na alichofanya hakuwahi kukifanya katika miaka kumi na mmoja. Alizijaza Jumamosi zote za miezi ya joto. Usafi wa ukumbi. Maonyesho ya kazi za mikono. Mashindano ya kusoma. Mazoezi ya maonyesho ya kazi za mikono. Kutembelea maktaba, mara mbili. Alipomaliza, mwaka ulikuwa umeshonwa pande zote, na bwawa halikuwa na hata kitundu cha kuingilia. Akajiambia amewaokoa watoto. Usiku huo alilala kwa saa mbili tu, lakini alilala.

Kikao cha kupitisha kalenda kilifanyika Ijumaa saa tisa alasiri, watoto wakiwa wanacheza uani. Mezani walikuwa wanne. Mkuu, na miwani yake iliyofungwa kamba. Kijana mwalimu wa michezo aliyeitwa Kipenga, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kipenga shingoni, hata akienda kunyolewa. Fundi cherehani, mwakilishi wa wazazi, na pini mbili zimesahaulika kifuani. Na Mama Kalenda, aliyekaa akiwa ameficha mikono chini ya meza.

Mkuu alipitia miezi taratibu, akisifu mwandiko. Kipenga yeye aliinama juu ya karatasi kama mtu anayetafuta sindano, kisha akaanza kucheka.

"Mama, samahani. Kazi za mikono nazo zinafanyiwa mazoezi? Vikapu vitapiga gwaride?"

Hata fundi alicheka. Mkuu akavua miwani, akauliza bwawa liko wapi. Mama Kalenda alijibu kwamba nafasi imekosekana. Mkuu akasema kwa upole kwamba nusu ya watoto huandikishwa kwa ajili ya bwawa, na kwamba yeye alikuwa anafikiria liwe mara tatu kwa mwaka, si mara moja. Mama Kalenda akataja mvua. Kipenga akamwonyesha kwamba mwezi wenye mazoezi hayo aliutia mwenyewe alama ya kiangazi. Akataja umbali. Kipenga akasema umbali ni ule ule wa mwaka huu, bwawa halijahama. Kila jiwe alilojificha nyuma yake kijana alilisogeza, tena kwa heshima na kwa furaha, bila kujua anachokifukua. Dakika chache tu, Mazoezi ya Maonyesho yakafutwa, na ndani ya kisanduku kile Kipenga akaandika kwa herufi nene: BWAWA.

Kisha akasema safari hiyo angependa kuiongoza yeye, Mama apumzike. Utaratibu anaujua kwa moyo. Orodha mpya ina watoto arobaini na mmoja.

"Jozi ishirini, na mmoja atanishika mkono mimi," alisema. "Kama ulivyotufundisha."

Fundi cherehani akasema ana ombi moja. Binti yake ameingiwa na woga wa maji, nao nyumbani wameshindwa. Watu wamemshauri kwamba woga wa namna hiyo hutibiwa kwa kurudi pale pale. Kama haitakuwa usumbufu, huyo wa kumshika mwalimu mkono awe Kasuku.

"Hilo dogo, Fundi," Kipenga akasema. "Kasuku ni wangu." Akaandika jina lake peke yake chini ya orodha, chini ya jozi zote ishirini.

Mama Kalenda aliitazama ile kalamu inavyokwenda. Aliona kijana anainama kumfunga mtoto kidole, au kuokota taulo, au kuitwa tu na mtu, kwa maana watoto arobaini na mmoja hawakosi kumwita mtu. Aliona mkono unaachiwa. Akasikia namba zinaitwa bila kukatika, moja hadi ishirini. Uani watoto walikuwa wanapiga kelele za mchezo, na kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitano woga wake wa kujulikana ukawa mdogo kuliko ule mwingine.

"Futa," alisema.

Kipenga akainua uso.

"Futa hilo jina. Utaratibu wangu ni mbovu. Mwaka huu huu ulitaka kumuua huyo huyo mtoto."

Akaeleza. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyopanga miezi: kigae, damu, mkono alioachia, namba kumi na tano, mzee wa wavu. Alipofika kwenye daftari la safari alisita, kisha akasema aliloandika, neno kwa neno. Alipofika kwenye taulo alimgeukia fundi cherehani, kwa sababu sehemu hiyo haikuwa ya kikao.

"Nilimwambia asikwambie. Na uliponiuliza pale kwenye uzio, nilikudanganya."

Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alipozungumza hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepandisha.

"Mwanangu analala kitandani kwangu tangu mwezi wa saba. Namuuliza una nini, ananiambia sina kitu mama. Nilimchapa, unajua? Siku moja nilimchapa kwa sababu ya kukataa kuoga." Akaachia ukingo wa meza. "Kumbe alikuwa anakutunzia wewe heshima yako."

Mama Kalenda hakuomba radhi pale. Alikuwa na akili ya kujua kwamba radhi nyingine huombwa haraka ili mwenye kosa apate nafuu. Fundi akasimama, akaenda mlangoni, akamwita binti yake.

Kasuku aliingia anahema, magoti yana vumbi. Aliwaona wakubwa wanne wanamtazama, akasimama karibu na mlango kama kawaida yake. Fundi akasema, bila kumtazama Mama Kalenda, "Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemfunga mdomo."

Mama Kalenda alitoka kwenye kiti, akaenda akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Akamwambia mtoto kwamba ile siri imekwisha. Kwamba haikuwa siri nzuri, na mtu mzima akimwambia mtoto asimwambie mama yake, mtoto aende akaseme siku hiyo hiyo. Kwamba yeye Kasuku hakukosa lolote. Aliyekosa ni mwalimu.

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, kuona kama ni kweli. Kisha akauliza kama sasa anaweza kusema yote. Mama yake akamwambia aseme.

"Mimi nilikuwa nawaona," alisema Kasuku. "Nilikuwa naona wanainua mikono. Nilitaka kuita lakini maji yalikuwa yanaingia. Nikasema mwalimu akimaliza kuhesabu ataona sipo." Alivuta kamasi. "Halafu akasema wote wapo. Basi nikajua hakuna anayekuja."

Mkuu alifunika uso kwa kiganja. Kipenga aliondoka mezani, akasimama dirishani na kuwapa mgongo, na mabega yake hayakutulia. Mama Kalenda alibaki pale chini. Alikuwa amejiandaa kwa mengi: kufukuzwa, kutangazwa, kupigwa hata. Hakuwa amejiandaa kuisikia sauti yake mwenyewe kutoka upande ule wa maji.

Fundi akamshika binti yake mkono, akaondoka naye saa moja kabla ya muda. Hakusema kama Jumatatu atamleta. Mlangoni mtoto alisikika anaanza kueleza kitu, na mama yake akimjibu, na sauti zao zikaenda zikipungua barabarani.

Mkuu alirudisha miwani machoni. Alisema jambo hili litapelekwa kwenye bodi ya mpango wiki ijayo, kwamba hataweza kumficha na wala hatajaribu, na kwamba daftari la safari liandikwe upya leo hii, kwa mkono ule ule ulioandika uongo. Mama Kalenda akaitikia. Mkuu akasema pia kwamba kalenda lazima ibandikwe Jumatatu, kwa kuwa watoto hawana kosa, na hakuna mwingine anayeweza kuimaliza. Kisha akatoka, amezeeka ghafla.

Mama Kalenda aliandika upya. Mistari saba. Alipomaliza Kipenga bado alikuwepo, amekaa kwenye kona ya meza, macho mekundu.

"Ningekuwa mimi," alisema kijana. "Mama, mwakani ningekuwa mimi." Akaisogeza orodha mbele yake. "Sasa tutawahesabu vipi?"

"Kwa majina. Mmoja mmoja. Aitike kwa sauti yake mwenyewe, na usitie alama mpaka umemwona uso. Hata wakiwa mia."

"Itachukua muda."

"Itachukua."

Kipenga aliuliza kama atakuwepo kumwonyesha siku hiyo ikifika. Mama Kalenda alisema hajui. Alivuta karatasi karibu, akafuta usafi usiohitajika na maktaba ya pili, akarudia kuhakiki nyekundu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi mwezi wa kumi na mbili. Ulikuwa mwaka mzima wa siku za watoto wa watu, na hakuna hata moja ambayo angeweza kuigusa kwa kidole na kusema, hii nitakuwepo.